Hodi Kwenye Kompyuta ya Hamdani

Kompyuta ya marehemu Hamdani ilianza kunuka dagaa wabichi, na ndani ya nyumba hakukuwa na dagaa.

Mwanvua, mjane wake, alitafuta kila mahali. Alichungulia uvunguni, akainua mkeka, akamwaga maji ya ndoo na kuisugua ndoo yenyewe kwa majivu. Ilikuwa harufu ya ufukweni, pale wavuvi wanapomwaga dagaa mchangani na oili ya injini za boti ikachanganyikana na maji. Mwishowe alipiga magoti mbele ya meza ya mumewe, akasogeza pua kwenye matundu ya nyuma ya mashine, akakuta ndiko inakotoka. Akaifunika kanga na kurudi kwenye beseni la nguo. Alikuwa amechoka, na harufu peke yake haijawahi kumuua mtu.

Ulikuwa mwaka ule Warundi walipovuka kwa maelfu. Walikusanyika Kagunga, wakaletwa Kigoma kwa meli na maboti, na kabla ya kupelekwa makambini wengine walitembea hadi Ujiji kutafuta ndugu, kazi, au kivuli tu. Mlango wa Mwanvua haukupumzika. Hodi, naomba maji. Hodi, mtoto anaharisha. Hodi mama, hujamwona mwanamke mwenye mapacha? Mwanzoni Mwanvua aliinuka kila mara, akafuta mikono, akaenda kuona nani. Baadaye miguu iligoma. Akawa anaitikia "Karibu!" kutoka alipo, bila kuinua kichwa, na mgeni anajiingilia mwenyewe anachota maji mtungini. Mtaa mzima ulikuwa hivyo. Walisema "karibu" kama wanavyopiga chafya.

Hamdani alikufa kwa sababu ya safari hizohizo. Alikuwa nahodha wa boti ya injini, akiwatoa watu Kagunga, hadi siku ziwa lilipochafuka karibu na Mwamgongo na boti ikapinduka. Abiria waliokolewa na wavuvi. Yeye hakuonekana. Alisaliwa bila jeneza, Mwanvua akakaa eda na kuimaliza, na bado kila jioni alijikuta ametega sikio mlangoni. Hamdani hakuwa mtu wa kubisha hodi kwake. Nani anabisha hodi nyumbani kwake? Alikohoa mara moja nje, kikohozi kifupi cha kumjulisha mkewe, kisha akausukuma mlango. Mwanvua alikuwa akikingoja kikohozi hicho.

Kilichobaki ni mtoto mmoja, Ikram, wa miaka saba, na hiyo kompyuta ya mezani aliyoinunua Hamdani kwa mfanyakazi mmoja wa misaada aliyekuwa akirudi kwao. Kwa kuwa kazi ilimlaza ziwani, alijifunza kurekodi sauti, akamwachia binti yake hadithi za kusikiliza wakati hayupo. Simu yake ilizama naye. Sauti ya Hamdani haikuwa na mahali pengine duniani isipokuwa ndani ya mashine ile, na Ikram hakulala bila kuisikia.

Alasiri moja Mwanvua alikuwa akichambua mchele uani, Ikram akiwa chuoni kwa mwalimu wake wa Kurani. Hodi ikapigwa.

"Karibu!" akaitikia.

Hakuna aliyeingia. Baada ya muda akaona ajabu, akatupa jicho mlangoni. Mlango ulikuwa umefungwa, komeo liko mahali pake, jinsi alivyolitia mwenyewe mtoto alipotoka. Lakini kanga aliyoifunika mashine ilikuwa imeanguka, na skrini ilikuwa nyeusi na imelowa, maji yakidondoka juu ya kibodi.

Kuanzia saa ile kompyuta haikuwaka tena kama inavyotakiwa. Ukibonyeza, taa inapepesa, feni inakoroma, skrini inabaki giza. Usiku huo Ikram alilia mpaka akapitiwa na usingizi, na Mwanvua akajiambia kwamba kesho lazima apatikane fundi.

Fundi gani sasa? Hapo ndipo mzozo ulipoanza. Luqman, mdogo wake Hamdani, alikuja asubuhi na maoni yake, maana Luqman hajawahi kwenda mahali bila maoni.

"Shemeji, hii si kazi ya fundi wa uchochoroni. Ipeleke mjini, kwenye duka. Watu wana vyeti ukutani."

"Wakiiharibu?"

"Wana vyeti, shemeji."

Wakaipeleka mjini. Kijana wa dukani, amevaa miwani kichwani badala ya machoni, aliichomeka, akaitazama kidogo, akacheka. "Mama, hii ishakata moto. Tunafuta kila kitu, tunaweka mpya, inakuwa kama imetoka kiwandani leo."

"Na sauti zilizomo?"

"Zote zinaenda. Kwani ni nyimbo? Nitakuwekea nyingine kali zaidi."

Mwanvua alimweleza ni sauti za nani. Kijana akashusha miwani, akaona haya, akaahidi atajaribu kuziokoa kwanza.

Haukupita muda akapiga simu. Alimwomba Mwanvua afike haraka aichukue mashine, na alipofika alimkuta amesimama nje ya duka lake mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ya chini kama ya mtu aliye msibani.

"Sijaigusa, mama. Nilitoka kwenda kula, nikarudi nikakuta wateja wamesimama mlangoni, wananiuliza nani mle ndani anabisha hodi. Nani anabisha hodi akiwa ndani? Na haijachomekwa. Waya wake huu hapa, niliuweka mfukoni."

"Uliitikia?"

"Mimi? Bibi yangu mtu wa Ilagala. Alinikataza toka mdogo, usiyemwona usimkaribishe." Akamtazama Mwanvua usoni, akaona kitu. "Mama, wewe uliitikia?"

Mwanvua alikodi bodaboda, akaipakata mashine njia nzima mpaka Ujiji, na maji yaliyotoka ndani yake yakamlowesha gauni mapajani. Roho ilimwambia aiteremshe njiani, aiache kando ya barabara, aende zake. Lakini Hamdani alikuwa humo. Hakuweza.

Luqman aliposikia akasema kijana huyo ni mvivu, afadhali ipelekwe Dar es Salaam kwa basi, kwa mawakala wenyewe. Mwanvua alimwacha aseme. Hakuwa na nguvu za kubishana, na hakuwa tayari kuipoteza sauti ya mumewe kwenye buti la basi.

Wakati wakubwa wakivutana juu ya fundi, mtoto alikuwa akiharibika. Ikram aliacha kula. Nywele zake zilinuka ziwa hata baada ya kuoshwa. Asubuhi aliamka na miguu imelowa mpaka vifundoni, na godoro lake lilikuwa kavu. Hakulia tena kutaka hadithi, na mama yake alidhani mtoto amezoea, hadi alasiri moja aliporudi kutoka bombani na kumkuta ameketi mbele ya meza, mikono magotini, akitikisa kichwa kukubali anachoambiwa.

Mashine haikuwa imechomekwa. Hamdani alikuwa akizungumza.

Ilikuwa ile hadithi ya mamba aliyeumwa jino, ambayo Mwanvua aliijua neno kwa neno, jinsi mamba anavyomwendea kila mnyama kuomba msaada na kila mnyama anavyoogopa kuingiza mkono, mpaka mwisho ambapo Hamdani hucheka mwenyewe na kusema sasa mwanangu fumba macho. Safari hii alicheka palepale, akasema fumba macho palepale, Mwanvua akaanza kupumua, na sauti haikunyamaza, iliendelea, ikasema mamba akashuka majini kwa sababu majini hakuna maumivu, akamkuta huko baba mmoja ameketi peke yake chini kabisa mahali ambapo jua halifiki, anamngoja binti yake, na njia ya kumfikia si ndefu, mtu anatoka nyumbani wakati mama ameenda kuchota maji, anafuata harufu mpaka ufukweni, anavua ndala, anaingia, maji yanafika magotini, yanafika kifuani, na asiogope baridi kwa kuwa baridi inakwisha.

Mwanvua aliiangusha ndoo. Sauti ikakatika. Ikram akageuka taratibu, mdomo wake una rangi ya zambarau.

"Mama, baba anauliza unaenda bombani tena saa ngapi."

Kuanzia hapo Mwanvua hakumwacha mtoto hata kwenda chooni. Alimfunga kiunoni kwake kwa kanga kama mtoto mchanga, na majirani wakadhani amechanganyikiwa kwa msiba. Alijua maji yako shingoni. Alijua pia kwamba bado anaitaka sauti ile, na alijichukia kwa kuitaka.

Fundi aliyekuja mwisho ni Heritier wa Bangwe, Mkongomani aliyevushwa ziwa akiwa mgongoni kwa mama yake wakati wa vita vya huko. Hakuwa na duka. Alitengenezea mashine za watu majumbani mwao tu, mbele ya macho ya mwenyewe, na hilo ndilo lililompendeza Mwanvua. Aliingia na mkoba wake, akasalimia, akaketi sakafuni, akaanza kufungua skrubu.

"Mama Ikram, mashini mingi nimefungua," alisema kwa upole. "Ya Uvira, ya Kalemie. Maji ikiingia, inakauka, inaacha kutu. Hii haina kutu. Angalia mwenyewe."

Ndani palikuwa na maji maangavu, yametulia, na mchanga mweupe chini yake. Heritier aliyamwaga kwenye beseni, akafuta kila kitu kwa kitambaa. Alipogeuka kuchukua bisibisi, maji yalikuwa yamerudi. Akaichomoa diski, kile kipande kinachohifadhi kila kilichomo, akakishika mkononi kikiwa hakijaunganishwa na chochote.

"Hodi," kikasema, kwa sauti ya Hamdani.

Ikram akafungua mdomo kuitikia. Mwanvua akamziba kwa kiganja. Heritier alifanya ishara ya msalaba, akaiweka diski chini polepole sana, akabaki anaitazama mikono yake.

"Mama, hii haiko ugonjwa ya mashini," alinong'ona. "Kazi yangu inaishia hapa. Lakini kuna jirani yangu kule Bangwe, Bi Saumu. Yeye ndiye anajua mambo ya ziwa. Nitakusindikiza."

Bi Saumu walimkuta ameketi kibarazani, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, na foleni ya wagonjwa imezunguka nyumba. Hakufanana na mganga. Alifanana na mwanamke aliyetoka sokoni na mzigo mzito.

"Shikamoo, Bi Saumu."

"Marahaba. Kama ni tumbo, nenda zahanati. Kama ni mume, siku hizi siwagusi, wamenichosha."

Heritier akaiweka diski mbele yake, imeviringishwa kwenye taulo. Bi Saumu aliinusa. Akatoa miguu kwenye beseni, akawaambia waliokuwa foleni warudi kesho.

"Aliingia vipi?" akauliza.

"Alibisha hodi."

"Nani alimkaribisha?"

Mwanvua akainamisha kichwa. "Mimi. Hodi zilikuwa nyingi, Bi Saumu. Nilikuwa siangalii tena."

"Mwaka huu nyote mmekuwa hivyo, na siwalaumu." Alisema bila ukali. "Nyie mmewaona watu tu wanavuka. Na wao wa chini wameona milango iko wazi. Sasa sikiliza. Aliyeingia kwa nguvu namtoa kwa nguvu, hiyo kazi rahisi. Huyu ni mgeni wako. Anaondolewa na aliyemkaribisha, kwa kuagwa na kusindikizwa mpaka alikotoka, na anaondoka na alichokalia."

"Amekalia nini?"

"Sauti ya mumeo."

Heritier akakohoa kidogo. "Bi Saumu, sauti naweza kuitoa. Naiweka kwa flashi, inabaki na mama, hii mashini inaenda."

"Ukiitoa sauti umemtoa na yeye. Utakuwa umembadilishia chumba."

"Niachie moja," Mwanvua alisema. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. "Hadithi moja tu. Hata pale anapocheka. Sina kaburi, Bi Saumu. Sina hata kaburi."

Bi Saumu alimtazama Ikram, aliyekuwa amelala mapajani kwa mama yake, na matone ya maji yakidondoka kwenye ncha za vidole vyake vya miguu. Mwanvua aliona mwenyewe anachoambiwa achague.

"Mumeo alikuwa anabisha hodi nyumbani kwake?" Bi Saumu akauliza.

"Hapana. Yeye alikuwa ana..."

"Nyamaza!" Mkono wa mganga uliruka ukamziba mdomo. Akaitazama diski ndani ya taulo, kisha akamsogelea Mwanvua, akamnong'oneza sikioni. "Alivyokuwa akiingia kwake ni siri yako na mtoto. Huyu amejifunza sauti tu. Hajui desturi ya nyumba yenu, ndiyo maana anabisha kama mpita njia. Mwenye nyumba hakaribishwi, anaingia. Umenielewa? Huko ufukweni utasema kwaheri, basi. Akikulilia, kwaheri. Akikutukana, kwaheri."

Walikwenda asubuhi, jua limeshatoka, wavuvi wakianika dagaa upande wa pili. Ziwa lilikuwa limetulia na milima ya Kongo inaonekana vizuri ng'ambo. Heritier alibeba mashine, Luqman, ambaye leo hakuwa na maoni yoyote, alimbeba Ikram, na Mwanvua alibeba diski kifuani. Alikuwa hajalala. Alikuwa hajalala vizuri tangu boti ilipopinduka, na alipoingia majini mpaka magotini alitamani aketi palepale, apumzike.

Bi Saumu alinuiza, akanyunyiza unga mweupe, akampa ishara.

"Kwaheri," Mwanvua alisema. "Nilikukaribisha, sasa nakusindikiza. Kwaheri."

"Mama Ikram," diski ikaita. "Unanitupa?"

"Kwaheri."

"Nina baridi, Mwanvua. Hukunitafuta. Wenzako hukodi mitumbwi kutafuta watu wao, wewe ulikaa ndani unalia, na mimi nilikuwa karibu tu, naisikia adhana ya Ujiji, nawasikia wavuvi wakiitana, nikasema mke wangu atakuja, kesho atakuja, na samaki wakaanza machoni, Mwanvua, wakaanza machoni, na bado nilikuwa nakungoja."

"Kwaheri," akasema.

"Ni mimi. Ni mimi Hamdani wako. Kwa nini huniamini?"

Hapo kitu kikakatika ndani ya Mwanvua. Haikuwa hofu. Ilikuwa uchovu, ule wa mtu aliyesema "karibu" mwaka mzima na hana tena pa kuweka mgeni.

"Kwa sababu hukuijua nyumba yake!" alipiga kelele. "Hamdani hakubisha hodi kwake hata siku moja! Alikohoa tu, hivi, akaingia!" Na akakohoa kumwonyesha, lakini kilio kilikuwa kimemkaba, kikohozi kikatoka kimevunjika katikati, nusu kikohozi na nusu kwikwi.

Bi Saumu alimnyang'anya diski na kuirusha mbali kwa nguvu zake zote. Ilizama bila kuacha kiwimbi. Heritier akaitumbukiza na mashine. Na palepale, begani kwa Luqman, Ikram akatapika maji mengi, akalia, akasema ana njaa.

Walifurahi. Luqman alilia waziwazi. Bi Saumu peke yake hakucheka, na waliporudi njiani alimshika Mwanvua mkono.

"Umemwambia."

"Nilichoka, Bi Saumu."

"Najua." Mganga hakuuachia mkono wake. "Badilisha nyumba, mwanangu, ukipata uwezo."

Uwezo haukupatikana. Lakini Ikram alinenepa, nywele zake zikanukia mafuta ya nazi kama za watoto wengine, na harufu ya dagaa ikatoka kwenye kuta. Kwa hadithi, sasa Mwanvua alimsimulia mwenyewe ile ya mamba, kwa sauti yake, na ilipofika mwisho alijitahidi kucheka. Wakimbizi waliendelea kuja. Akawa haitikii tena bila kuangalia. Hodi ikipigwa anauliza nani, wa wapi, anachungulia dirishani, ndipo anaondoa komeo. Majirani walimsema kwamba amekuwa na roho mbaya. Aliwaacha waseme.

Siku moja Luqman alikuja na simu mpya, akamwonyesha Ikram jinsi ya kurekodi sauti. Mwanvua alitabasamu, akairudisha simu mfukoni kwa shemejiye.

Alasiri moja, mvua za kwanza zimeanza, Mwanvua na Ikram walikuwa wakila mihogo ya kuchemsha sebuleni. Nje mtu alipita, hatua zake zikachapa tope, zikasimama mlangoni. Mwanvua alingoja hodi. Maneno ya kuuliza yalikuwa tayari mdomoni.

Hodi haikupigwa.

Aliyekuwa nje alikohoa mara moja. Ikram akainua uso, macho yamemng'aa, akaacha muhogo.

"Baba!"

Mwanvua hakuinuka. Alikuwa amekitambua kikohozi kile, kimevunjika katikati, nusu kikohozi na nusu kwikwi, kama alivyomfundisha yeye mwenyewe. Akafungua mdomo aseme kwaheri, lakini kwaheri anaambiwa mgeni, na huyu hakuja kama mgeni. Komeo likajisukuma taratibu, na maji yakaanza kuingia chini ya mlango.